Dagaa, mawingu na pesa ya kusubiri

Mwezi wa nne, wingu jeusi likianza kujikusanya upande wa ziwa, bei ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hushuka kabla tone la kwanza halijaanguka. Dagaa wa usiku wameshaanikwa, wengine juu ya vichanja, wengine, kwa wale wasio na vichanja, chini kabisa mchangani. Wanataka jua la kutwa nzima. Wakinyeshewa wakiwa nusu wabichi wanabadilika rangi, wanaanza kutoa harufu, na tangu hapo si kitoweo tena. Mteja wao anakuwa mtu wa chakula cha kuku. Wanawake waliowaanika tangu alfajiri wanaanza kuwakusanya haraka haraka kwa mafagio, ndege korongo wanazunguka wakidokoa waliosalia pembeni, na vijana wenye magunia matupu begani wanapita kichanja kwa kichanja.

“Mama, nipe wote nikuondolee mzigo.”

“Kwa bei hiyo, mwanangu? Jana nimeuza zaidi ya hapo.”

“Jana jua lilikuwepo, mama. Leo unaliona?”

Anauza. Jirani yake hauzi. Jirani ana turubai, ana chumba cha kupanga chenye sakafu ya saruji ambako anaweza kuwatandaza, na hakuna anayemdai jioni ya leo. Atawafunika, mvua itapita, kesho atawarudisha juani. Watakuwa wamepoteza mng’ao kidogo, lakini watakwenda kwa walaji. Wote wawili waliamka saa kumi usiku. Wote wawili wananuka dagaa mpaka kwenye khanga za kichwani.

Ubishi wa pesa na bidii nimeusikia tangu midahalo ya shule ya msingi, ambako upande wa bidii ulikuwa na methali nyingi na upande wa pesa ulikuwa na vicheko vingi. Mpaka leo unaendelea vijiweni, kwenye daladala za Buhongwa na Igoma hapa Mwanza, na kwenye simu zetu, ambako kila asubuhi kuna bwana aliyevaa suti akituambia siri ya mafanikio ni kuamka mapema. Bwana huyo ningependa afike Kirumba Mwaloni saa kumi na moja alfajiri, aone atamwamsha nani.

Msimamo wangu nauweka mapema: pesa ina uzito kuliko bidii. Lakini si kwa sababu ile inayosemwa kila siku, kwamba pesa inanunua mashine, fremu ya duka, vibali na watu. Inanunua, ndiyo. Kwa mtu wa kawaida wa ukanda huu wa ziwa, kazi kubwa ya pesa ni nyingine: inamwezesha kusubiri. Kusubiri mvua ipite, bei ipande, mteja wa pili aje, mtoto apone, hasara ya kwanza ipoe. Bidii haina uwezo huo. Nguvu ya leo usipoitumia leo huwezi kuiweka kabatini ukaitumia keshokutwa, na ukiitumia leo, thamani yake inaamuliwa na bei ya leo, iwe nzuri au mbaya.

Watu wa bidii wana hoja moja ambayo inaonekana haina jibu. Wanasema: tazama waliofanikiwa, wote wanajituma. Ni kweli, wanajituma. Ila tuwafuatilie wale wanawake wawili kwa hesabu ya mfano tu. Tuseme kila mmoja alinunua dagaa wabichi wa shilingi 60,000. Wa kwanza, kwa sababu ya wingu, ameuza kwa 50,000. Wa pili amesubiri siku mbili akauza kwa 90,000. Mambo hayo yakitokea mara kadhaa katika masika moja, kiangazi kikifika wa kwanza ananunua ndoo mbili na wa pili ananunua kumi. Ndoo kumi zinahitaji vichanja vingi, wasichana wa kusaidia kuanika, safari za kupeleka mzigo sokoni, simu za wateja usiku. Sasa mpita njia akifika pale atamwona wa pili akikimbia huku na huko kutwa nzima, na wa kwanza amekaa chini ya mti akisubiri mzigo mdogo ukauke. Atarudi mjini na somo: yule tajiri anajituma, yule maskini mvivu. Kumbe kazi nyingi aliyoiona ni matunda ya pesa, haikuwa mbegu yake. Mtu asiye na mtaji hana hata mahali pa kuimwaga bidii yake.

Kosa hili la kuhesabu matokeo kuwa ni chanzo tunalifanya kila mahali. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku kwa sababu dukani kuna bidhaa za kuuza. Mwenye meza yenye vocha na pipi anafunga saa kumi na mbili, tunamwona hana malengo.

Kuna methali inayosema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Naielewa nia yake. Inamwinua mtu asikate tamaa. Lakini mtaji wa kweli ukiutumia leo, kesho upo, pengine umeongezeka. Nguvu inadai ugali kila jioni, na ikipatwa na malaria wiki moja, mtaji wote umefungwa.

Twende ziwani kwenyewe, maana huko hesabu iko wazi kuliko nchi kavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unazungushwa. Ujanja huo unafaa wakati wa giza tu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linakuwa na mwanga na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo kambi hupumzika mpaka mbalamwezi ipite. Siku za giza vijana wanalala maji, wanavuta kamba wakiwa wamelowa, wanarudi alfajiri mikono imechanika. Sijui kazi nyingi nchini zinazoizidi ile kwa ugumu, na wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Geita watanisamehe.

Kisha unakuja mgawo. Kila kambi ina desturi yake, ila mpangilio wa jumla ni mmoja: kwanza zinatoka gharama, yaani mafuta ya injini, chakula cha kambini na matengenezo. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye mtumbwi, ambaye wavuvi humwita tajiri, na wao wenyewe kwa pamoja. Fungu la wavuvi linagawanywa tena kwa vichwa. Usiku ambao ziwa limekataa, gharama zimetoka vilevile, na kijana amevuta kamba bure. Tajiri naye amepata hasara, sibishi, lakini mtumbwi wake bado upo, wavu upo, na giza lijalo lipo.

Halafu mbalamwezi inaingia. Kijana ana siku saba, nane, pengine kumi bila kipato, na mama lishe wa kambini anaendelea kupika. Anakopa kwa tajiri. Giza likirudi anaanza kazi akiwa tayari anadaiwa, kwa hiyo hawezi kuhama kambi kwenda kwa tajiri mwenye mgawo mzuri zaidi mpaka alipe. Bidii yake ya mwezi ujao imeshanunuliwa kwa bei ya mwezi uliopita. Hapo ndipo naposema pesa imemzidi nguvu: tajiri anazivuka siku kumi za mbalamwezi kwa akiba, kijana anazivuka kwa deni, na siku hizo kumi ndizo zinazoamua nani atamfanyia kazi nani mwaka mzima.

Msomaji asidhani natafuta wa kumlaumu. Ukipanda ngazi moja juu, unamkuta tajiri huyohuyo amekaa mahali alipokaa kijana. Kwenye uvuvi wa sangara, wamiliki wengi wa mitumbwi wanakopeshwa nyavu, injini na mafuta na mawakala, kwa makubaliano kwamba samaki wote watauzwa kwa wakala huyo kwa bei yake. Wakala naye anatazama bei ya kiwanda. Na katika mnyororo huo wote, chombo cha kuamua bei ni barafu. Sangara akitoka majini anaanza kuharibika palepale, na kwenye joto la Mwanza mvuvi ana saa chache tu za kubishana. Mwenye barafu anaweza kusema “sitaki bei hiyo” na kurudi kesho. Asiye nayo anaweza kusema hivyo mara moja tu. Boti za kukusanya samaki visiwani zinafika zimebeba makasha ya barafu, na hiyo barafu, ukiitazama vizuri, ni pesa iliyogandishwa ili iweze kusubiri.

Mwaka 1999 tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake. Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na bei mialoni ikaporomoka. Aliyekuwa akivua kwa kanuni na aliyekuwa akitia sumu, hodari na mzembe, wote walikuta sangara wao hana wa kumsemea. Viwanda vilipunguza kazi vikasubiri milango ifunguliwe. Mvuvi hakuwa na cha kupunguza isipokuwa sahani ya watoto.

Nchi hii ina mapenzi ya zamani na bidii, na mapenzi hayo yana historia. TANU ilikuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba tumekosea kuifanya fedha kuwa silaha ya maendeleo wakati hatuna fedha, likataja mambo manne ya kutegemea: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Miaka 48 baadaye, mwana wa Chato, John Magufuli, wa hapa hapa kando ya ziwa, akaingia Ikulu na Hapa Kazi Tu. Kwa taifa lililokuwa likinyoosha mkono kwa wafadhili, hoja ya Azimio ilikuwa nzito na bado ni nzito. Tatizo ni pale tunapoichukua hoja ya taifa na kumbebesha mtu mmoja mmoja. Azimio lenyewe lilikiri kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania. Halikusema kwamba kwa sababu hiyo wao ndio wenye mali.

Hata hivyo upande wa bidii una eneo moja ambako unashinda bila jasho, nami nalitoa bure: pesa isiyo na mwenyewe. Mtumishi amestaafu, kiinua mgongo kimeingia, shemeji amemshawishi kwamba uvuvi unalipa. Ananunua mtumbwi, injini, nyavu, anaweka vijana kisiwani, yeye anabaki Nyegezi akisimamia kwa simu. Wiki ya kwanza anatumiwa hela. Wiki ya pili anaambiwa ziwa limekataa. Wiki ya tatu injini mbovu. Kumbe samaki wanauzwa majini kabla mtumbwi haujafika mwaloni, petroli inafyonzwa dumu kwa dumu, na siku moja nyavu zinaibwa usiku na hakuna aliyeona chochote. Ukanda huu umejaa mitumbwi iliyogeuzwa kuwa mabenchi, na si michache iliyotokana na mafao ya watu waheshimiwa. Pesa ile haikukosa wingi, ilikosa macho.

Lakini tazama ni bidii ya namna gani iliyokosekana hapo. Si ya kuvuta kamba; vijana waliivuta. Iliyokosekana ni kuwepo, kuhesabu ndoo, kujua kwamba leo upepo ulikuwa mzuri kwa hiyo hadithi ya ziwa kukataa haiingii akilini. Bidii hiyo ni adimu na inalipa sana. Ila inalipa kwa mtu ambaye tayari ana kitu cha kusimamia. Mvuvi kijana anaijua hesabu ya ndoo kuliko huyo mstaafu, anaujua upepo kwa ngozi, na ujuzi wake wote unaishia kumtajirisha mwingine au kumwibia.

Kuna wanaosema basi, vyote viwili ni bahati. Wana mfano mpya wa karibu. Kwa miaka mingi, watu wa Kigongo na Busisi waliishi kwa foleni ya kivuko. Basi likisimama kusubiri kuvuka, madirishani kulikuwa na samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji baridi, machungwa yaliyomenywa. Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa, magari yakaanza kupita bila kusimama. Ni daraja la maana, wagonjwa wa Sengerema hawatafia tena kwenye foleni, na sitaki mtu anisome vibaya. Lakini mchoma mahindi wa Kigongo hakupungukiwa bidii usiku wa kuamkia ufunguzi. Alipungukiwa wateja. Mwenye akiba kidogo anaweza kuhamia stendi, akalipa kodi ya fremu, akakaa miezi mitatu bila faida huku wateja wakimzoea. Asiye na akiba anaanza kubeba beseni kichwani barabarani, umbali mara mbili, kipato nusu. Bahati iliwapiga wote sawa. Walichotofautiana ni namna ya kuanguka.

Je, watu wa jasho wamewahi kushinda kwa wingi wao katika eneo hili? Wamewahi, na ni simulizi ambayo Mwanza inapaswa kuijua kuliko inavyoijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Walikuwa wakulima hodari. Pamba yao ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya biashara ya Tanganyika. Kuongeza ekari nyingine kusingewasaidia, kwa kuwa kila kilo waliyoongeza ingepita kwenye mizani ileile. Walichofanya ni kuweka watu wao wa kupima, wakajipanga katika vyama, na chini ya kijana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha, vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la ushirika la Victoria. Wakaanza kununua pamba wenyewe, kisha wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Jembe lilikuwa lilelile, jua lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima alipata mizani anayoiamini na mfuko wa pamoja uliomruhusu kutouza kwa mtu wa kwanza aliyefika na lori. Yaliyoupata ushirika baadaye, wizi, siasa, hata kuvunjwa na serikali mwaka 1976, ni makala nyingine na ina hasira zake.

Naikumbusha habari hiyo kwa sababu inaonyesha jasho linavyogeuka kuwa pesa: linahitaji chombo kisichovuja. Leo pale mwaloni chombo hicho ni mchezo. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa kiasi fulani kwa siku au kwa wiki, kijumbe anakusanya, mmoja anapokea zote. Wenye benki wanauona kama utani, lakini sikiliza wanavyobishania namba. Hakuna anayetaka kupokea katikati ya masika wakati dagaa hawakauki. Kila mtu anambembeleza kijumbe ampangie mwanzo wa kiangazi, au wiki ambayo giza linaanza. Wanajua kabisa kwamba laki mbili za mwezi wa nne na laki mbili za mwezi wa saba si pesa sawa. Ile ya kwanza italiwa. Ya pili itazaa.

Na wanajua pia kinachowavujisha. Mkopo wa kausha damu, kwa mfano, haukuitwa hivyo kwa mzaha. Kanuni za Benki Kuu zinawataka wakopeshaji wadogo wenye leseni wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtaani mama anachukua laki moja leo na kurudisha kidogo kidogo kila jioni mpaka ifike laki moja na thelathini ndani ya mwezi, na daftari la mkopeshaji halina ukurasa wa siku za mvua. Ndiyo maana yule mwanamke wa kwanza mwenye dagaa aliuza kwa 50,000 wakati wingu lilikuwa bado mbali. Hakuogopa mvua peke yake. Alikuwa anamwogopa mtu wa saa kumi na moja jioni. Marejesho ya kila siku yanamnyang’anya mtu kitu kilekile ambacho mkopo ulipaswa kumpa. Nasema bila kupepesa: mkopo wa namna hiyo si mtaji mdogo. Ni kinyume cha mtaji.

Serikali nayo inakopesha. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024. Januari ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba. Kizimba ni mfano mzuri wa ninachokisema. Sato anakaa humo miezi sita, saba au zaidi kabla hajafikia ukubwa wa kuuzwa, na muda wote huo anakula. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko chuma na nyavu. Kijana unaweza kumpa kizimba kipya kinachong’aa, akakisafisha kila siku na kulala hapohapo akilinda. Pesa ya chakula ikikatika mwezi wa tano, atavua samaki wadogo awauze kwa hasara, na taarifa itaandika kwamba vijana hawana uvumilivu.

Kwa hiyo nikisikia mjadala wa mikopo unaishia kwenye kiasi, shilingi ngapi kwa vikundi vingapi, naona tumeacha swali lenye nyama. Kwa watu wa ziwa, tarehe ina uzito kama kiasi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na fomu zinazunguka kutoka kata kwenda wilayani kwa mwendo wake. Mkopo wa dagaa ukitoka masika umetoka kwa ajili ya kuliwa, hata kama waliopewa ni malaika. Na kikundi cha wavuvi au waanika dagaa kikipangiwa marejesho ya tarehe 30 ya kila mwezi, mwaka huu tarehe hiyo inaweza kuangukia giza, pesa ipo mkononi, na mwakani ikaangukia mbalamwezi, mitumbwi yote iko mchangani. Kikundi kilekile, watu walewale, kitaonekana kimeharibika tabia.

Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Mwandamo wa mwezi unajulikana miaka mingi mbele, na kila kambi ina mzee anayeweza kukutajia giza la Desemba akiwa amekaa mwezi wa sita. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukaa na kikundi siku ya kusaini, safu ya marejesho kwenye fomu ikajazwa kwa siku za mwisho za kila giza, kiasi kikawa kidogo masika na kikubwa kiangazi. Atakayekataa atakuwa mhasibu wa halmashauri, kwa sababu mfumo wake unataka tarehe moja kwa vikundi vyote, vya bodaboda, vya ushonaji na vya dagaa. Kwa mhasibu huyo, diwani wa kata yenye mwalo ndiye wa kutumwa, tena aende kabla ya vikao vya bajeti, maana vikishapita atajibiwa asubiri mwakani.